Mume wa Kadi

Kabla hujakaa vizuri, shika hiki: ana mume, lakini ni mjane. Kila mwezi yeye na mumewe wanatia vidole kwenye mashine moja, na kila usiku kila mtu anakohoa kwake. Mume anaongea na Mungu kwa Kiarabu, mke anaongea naye kwa Kiswahili cha Bukavu na ugomvi kidogo. Huyo mwanamke ni nani?

Usijikune kichwa. Ni mimi mwenyewe, Mama Rodrigue, wa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Na huyo mume ni Papa Alimasi, mtu wa Kindu, mwembamba kama mpini wa jembe, mwenye kofia moja aliyokimbia nayo vita na hajawahi kuivua mbele yangu.

Ndoa yetu ilifungwa mwaka 2008, mwezi wa pili, chini ya mvua, kwenye foleni ya kuandikishwa. Ilichukua muda wa mtu kupiga chafya.

Mimi nilitoka Bukavu na Fortunée, mjukuu wangu anayeniita Koko, mtoto wa marehemu Rodrigue wangu. Alikuwa na miaka saba. Tulipofika Mbeya malaria ikamshika, akalegea kama kitambaa. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kituo cha basi, hatujuani, akamtwaa mgongoni na kumbeba mpaka ng'ambo ya mpaka, huku akimsomea Kiarabu sikioni. Nikasema moyoni: kama ni dua ya kumponya, asante, kama ni ya kumsilimisha, tutaongea akipona. Akapona. Hatukuongea.

Basi kwenye foleni ile watu wakasema kwamba familia inapewa kiwanja cha kujengea nyumba. Mjane na mtoto wanapelekwa kwenye banda la wanawake. Mwanaume asiye na mtu anapelekwa kwenye banda la wanaume, na huko unalala umekumbatia viatu vyako. Nikamtazama yule mzee. Naye akanitazama.

— Papa, mi na weye tuko nani?

— Mama, leo tuko vile batatuandika.

Karani akauliza kama huyu ni mume wangu. Nikasema ndiyo. Akamwuliza yeye, naye akasafisha koo. Karani akaandika. Kadi moja, watu watatu.

Nyumba tuliijenga pamoja kwa matofali ya udongo. Paa moja, milango miwili, na katikati ukuta kutoka chini mpaka juu, bila hata tundu la panya. Papa Alimasi aliusimamisha mwenyewe, na alipomaliza akaupiga kofi kama mtu anayesifu ng'ombe. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nagonga ukuta kwa mwiko:

— Papa Alimasi, umekufa?

— Bado, Mama Rodrigue. Na weye?

— Na mi bado.

Hayo ndiyo mapenzi yetu. Na kila mwezi tunaenda pamoja kwenye mgao wa chakula. Walipoleta ile mashine ya vidole, nilimtegea Fortunée kitendawili: ananishika kidole kila mwezi, hajawahi kuniuliza hali. Akakijibu hapohapo. Ni mtoto wa akili, ndiyo maana yote haya yakatokea.

Mwaka 2016 namba yetu ikabandikwa kwenye ubao wa wanaohamishiwa ng'ambo. Kanada! Majirani wakapiga vigelegele kama tumezaa mapacha. Mimi nilikuwa na miaka sitini na tatu, na magoti yangu hayakuwa na haja ya theluji. Lakini Fortunée alikuwa na kumi na tano na alitaka kuwa mkunga. Hapa kambini mtoto anasoma, anamaliza, halafu anakaa mlangoni anasukwa nywele. Nimewaona wengi, wenye vyeti vizuri vilivyotiwa ndani ya plastiki, wanauza nyanya tatu tatu. Nikaapa kwamba huyu hatakaa mlangoni.

Tatizo lilikuwa mume. Kwenye mahojiano mume na mke wanaingizwa kila mtu chumba chake, wanaulizwa maswali yaleyale, na majibu yakipishana, dosie, yaani faili lenu lote, inafungwa kama mlango wa gereza. Basi tukaanza mazoezi. Fortunée akawa mzungu. Akavaa miwani ya Papa Alimasi, akakaa juu ya ndoo, akashika kifuniko cha sufuria kama kompyuta.

— Madame, mume wako anapenda kula nini?

— Sombe, majani ya muhogo, na samaki. Na nsima, ugali wa hapa, anaikula huku ananung'unika.

— Vizuri. Monsieur, mke wako iko na kidonda ao alama kwa mwili?

— Iko na alama ya moto kwa mkono wa kuume, Papa Alimasi akajibu. Na mdomo.

— Mdomo si alama, Papa.

— Hujaishi karibu nao.

Yote yalikwenda vizuri mpaka swali la kumi na mbili.

— Monsieur, mke wako analala upande gani wa kitanda?

Papa Alimasi akatazama kofia yake, na kofia ilikuwa kichwani. Akainuka.

— Muda wa swala umefika.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Kesho yake tukarudia, na swali lilipofika, muda wa swala ukafika. Wiki sita, kila mara tukilifikia swali lile, yule mzee alikuwa anapata swala ambayo Waislamu wenzake hawaijui. Fortunée akachoka.

— Papa, sema tu "kuume"! Ama "kushoto"! Ni neno moja!

— Nitasema siku ile.

— Utasema nini?

— Nitasema.

Kisha ikaja habari ya picha. Mtu akatuambia kwamba mume na mke bila picha ya harusi ni kama kuku bila manyoya. Tukapanda basi dogo mpaka Lilongwe, tukaenda Chilinde kwa Sumaya, mpwa wa Papa Alimasi, anayekodisha magauni ya maharusi nyuma ya soko. Alinivalisha gauni la msichana wa miaka ishirini. Mbele lilifunga. Nyuma alilishika kwa pini kumi na moja na dua moja. Mpiga picha, kijana wa Kimalawi, akatusimamisha mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji.

— Agogo, sekani! akasema. Bibi, cheka!

Nikacheka, pini mbili zikaruka. Papa Alimasi alisimama mbali, kati yetu ungepitisha mbuzi. Mpiga picha akamsukuma kidogo, yeye akarudi. Akamsukuma tena. Mwishowe Sumaya akasimama nyuma ya pazia akamshika mjomba wake kwa mkanda wa suruali asitoroke, na picha ikatoka. Ili ionekane ya zamani, kijana aliichovya kwenye chai. Tulikubaliana tuseme tulioana mwaka 2005, tukiwa wazee tayari, ili mvi zisitusaliti.

Niliporudi nyumbani na ile picha nikapiga magoti niiombee. Na hapo ndipo Mungu akaanza.

Usifikiri nilisikia sauti. Mimi si mtu wa kusikia sauti, nina kelele za kutosha upande wa pili wa ukuta. Ni kwamba nilisema "Baba yetu uliye mbinguni" na sikuweza kuendelea. Neno moja lilikuwa limekaa njiani kama jiwe kwenye maharage: sema kweli. Nikanywa maji, nikaanza tena. Baba yetu, halafu jiwe. Siku ya pili vilevile. Siku ya tano nikakasirika.

— Wewe, nikamwambia Mungu, una malaika, una mawingu, una moto. Mimi nina kadi moja. Nenda ukatafute utiifu kwa watu wenye pasipoti.

Jiwe halikusogea.

— Na yule mzee wako wa zamani, yule wa kondoo na kisu, ambaye mapasta wanamtaja kila Jumapili? Si alifika kwenye nchi ya watu na njaa tumboni akasema mke wake ni dada yake? Ulimfanya nini? Ulimpa ng'ombe! Yeye aligeuza mke kuwa dada. Mimi nimegeuza jirani kuwa mume. Tofauti iko wapi?

Nikaanza tena: Baba yetu. Jiwe.

Nikafanya vile wanawake wa kanisa letu wanavyofanya tukibanwa: nikafumba macho, nikafungua Kitabu popote, nikatia kidole. Nikafumbua. Kidole kilikuwa juu ya wale wawili, bwana na bibi, waliouza shamba wakapatana kudanganya watumishi wa Mungu, akaanguka mmoja, saa tatu baadaye akaanguka wa pili. Mume na mke! Katika kurasa zote zile, nyingine zina majina ya watu tu na hesabu za mbuzi! Nikafunga Kitabu nikakiweka chini ya unga.

Nikaenda kwa Pasta Norbert. Wiki ile alikuwa ametangaza kufunga kwa siku tatu kwa wote wenye intavyu, na kanisa la turubai lilikuwa limejaa kuliko Krismasi. Watu waliweka dosie zao mbele, na Pasta akapita akizipaka mafuta moja moja. Mafuta ya upako, tuliambiwa, lakini mimi nimepanga foleni miaka minane, nayajua mafuta ya kadi kwa harufu. Alipofika kwenye dosie yangu Roho alimshukia kwa nguvu, akamimina. Nilipofungua bahasha, picha ilikuwa imelewa. Rangi ilikuwa imetembea. Uso wa Papa Alimasi ulikuwa umeyeyuka ukateremka mpaka ndani ya gauni langu. Hapo ndipo tulipokaribiana zaidi katika ndoa yetu yote.

— Pasta, nikamwambia baada ya watu kutoka, Mungu ananiambia niseme kweli kwa intavyu.

Pasta Norbert akatazama mlangoni kwanza.

— Kweli gani, Mama Rodrigue?

— Juu ya Papa Alimasi.

— Mama, usichanganye mambo. Mungu anajua mazingira.

— Jumapili ulihubiri kwamba utiifu hauulizi mazingira. Ulipiga na meza.

— Ile ilikuwa mahubiri! Sikiliza, Mama. Ukifungua mdomo wako pale, batachimba dosie za kambi yote. Unajua ni bantu wangapi batalia?

Nilijua. Na nilijua pia kwamba kwenye dosie ya Pasta kulikuwa na mtoto wa kwanza aliyekuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye ndevu.

— Basi niombee, nikasema.

— Nitakuombea Mungu akupe hekima ya kunyamaza.

Akaniombea kwa nguvu. Mate yake yalinifikia.

Siku ya mahojiano ilikuwa Juni, na baridi ya Dowa, wilaya yetu hii, unaijua, inaingia mpaka kwenye meno. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mfungo wa Pasta, na Papa Alimasi alikuwa kwenye Ramadhani. Aliyekula kwa ajili ya nyumba nzima alikuwa Fortunée. Tulipanda kabaza, zile baiskeli za abiria, kila mtu yake, mpaka barabarani, kisha basi dogo mpaka Lilongwe. Tukapita Capital Hill, wafanyakazi wa serikali wanatembea na tai zao kati ya nyasi zilizokatwa, na Fortunée alibandika uso kwenye kioo, anawatazama wasichana wenye viatu vya visigino na mafaili kifuani. Sikuwa na haja ya kumwuliza anawaza nini.

— Papa, nikanong'ona, swali la kumi na mbili.

— Nitasema.

— Sema kuume. Mi nitasema kuume. Tunapatana?

— Mama Rodrigue, nimesikia.

Niliamua hapo hapo kwenye basi: nitadanganya. Mungu atanipiga mimi, mtoto ataondoka. Nilimwambia hivyo waziwazi: piga, lakini subiri ndege iruke. Nikajisikia vizuri kabisa.

Walituita pamoja na kututenganisha mlangoni. Fortunée akabaki nje na begi, kwa kuwa siku ile hawakuhoji watoto. Chumbani kwangu kulikuwa na mama wa kizungu mwenye nywele fupi na kalamu mbili, na kijana mkalimani, Ndayisaba, Mrundi mpole mwenye sweta. Waliniuliza jina, mahali nilipozaliwa, nilipita njia gani, nani alikufa. Nikajibu. Mama yule alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. Kisha akasema kitu, na Ndayisaba akakigeuza:

— Bwana Alimasi ni nani wako?

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, limevaa gauni la Chilinde. Nikafungua mdomo litoke.

— Ni jirani yangu, nikasema.

Ndayisaba akasimamisha mkono hewani.

— Mama. Umesema jirani?

— Jirani.

— Mama, nikiligeuza hilo neno kwa Kiingereza sitaweza kulirudisha.

— Geuza, mwanangu. Geuza mbio, akili isije ikanirudia.

Akageuza. Yule mama akainua kichwa kwa mara ya kwanza, na mimi nikamwaga yote: mvua, foleni, mabanda, mgongo uliombeba mtoto, ukuta usio na tundu la panya. Nikatoa na ile picha iliyolewa nikamwekea mezani. Aliitazama kwa muda mrefu. Nafikiri aliuma shavu kwa ndani.

— Anauliza, akasema Ndayisaba, miaka minane hukusema. Kwa nini unasema leo?

Nikaonyesha juu kwa kidole. Yule mama akatazama dari, na pale kulikuwa na feni.

— Mwambie si feni, nikasema. Juu ya feni.

Nikatoka. Sikumwogopa tena Mungu, nilimwogopa Papa Alimasi. Yeye alikuwa bado chumba cha pili, mwaminifu wa watu, anasema "mke wangu, mke wangu, kuume, kuume", na mimi nilikuwa nimekwisha kumfanya mwongo mbele ya serikali ya watu. Kwa mdomo wangu nilikuwa nimefunga safari ya mtoto na ya mzee aliyembeba mtoto. Nikaketi kwenye benchi na kununua mandasi. Nilikula matatu bila kuonja.

Papa Alimasi alichelewa. Alipotoka hakunitazama. Fortunée akaruka:

— Walikuuliza la kitanda? Ulisema nini?

— Muda wa swala umefika.

Tukatazama saa ya ukutani. Saa tisa na nusu. Safari hii kweli ulikuwa umefika. Akaenda nyuma ya jengo, akakaa huko muda wa swala tatu.

Fortunée nilimwambia kesho yake. Mtoto ana haki ya kujua nani amemfungia mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika ungo wa maharage.

— Koko, akasema polepole, Mungu wako hana mjukuu?

— Alikuwa na mtoto mmoja tu. Unajua yaliyompata.

— Basi unashirikiana naye juu ya nini?

Nilimwambia tu kwamba neno lilinitoka kama mtoto anayezaliwa, ukishaanza kusukuma huwezi kumwambia arudi. Yeye mwenyewe anataka kuwa mkunga, anapaswa kujua. Hakucheka. Nikamwapisha asimwambie Papa Alimasi. Nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu nikamwona anatoka mlango wa Papa Alimasi, amefunika mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanatetemeka. Nikasema moyoni: analia, maskini. Lakini jioni akaniuliza napika nini, kama vile hakuna kilichotokea.

Na nguvu ya kumwambia mzee sikuipata. Badala yake nilipika. Nilimpikia sombe ya mawese na samaki, kila Ijumaa, nikamfulia kanzu mpaka ikang'aa kama ya askofu. Yeye naye, sijui alipatwa na nini, akapanda juu ya paa langu akaziba matundu yote kabla hata mvua haijaanza. Akaniletea kuni. Siku ya Idi akaniletea kuku mzima, na mimi nikaingia ndani nikalia, kwa kuwa nilikuwa nimemuuza mtu mwenye moyo kama huo.

— Mbona munapendana ghafla? Fortunée akauliza, mguu wa kuku mkononi.

— Kula unyamaze.

Alikula. Alikula kwangu, akazunguka akala kwa Papa Alimasi, akanenepa.

Pasta Norbert aliondoka Machi. Alipita salama na mkewe na "mtoto wa kwanza" mwenye ndevu, akatutumia picha wako ndani ya theluji, wote watatu wametoa vidole gumba. Kanisa lilishangilia. Mimi nilingoja kidogo nione kama radi itafika na huko. Haikufika. Nikamwambia Mungu:

— Sikuombi umpige. Naomba tu unielezee.

Hakuelezea. Watu wanasema ukitii unapata amani. Mimi nilipata kiungulia. Lakini nikipiga magoti, "Baba yetu" ilikuwa inapita mpaka mwisho bila jiwe, na wakati mwingine niliipitisha mara mbili, kwa kuijaribu tu, kama mtu anayefungua na kufunga mlango uliotengenezwa. Halafu nilikuwa nasema: mtoto huyu sasa ni wako, mimi mikono yangu imeishiwa. Ukimwacha mlangoni utanijibu wewe.

Miezi kumi na moja. Mwezi wa tano tukaitwa ofisini kambini, watatu. Ndayisaba alikuwa pale na sweta lilelile na karatasi mbili. Papa Alimasi alikuwa ametazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimetazama vya Ndayisaba.

— Banasema hivi, akaanza. Muliandikisha uongo mwaka 2008. Dosie ilikuwa ifungwe.

Fortunée akanishika mkono.

— Lakini bantu wawili, vyumba viwili, bila kuonana, wamesema kitu kimoja. Mama umesema jirani. Na mzee amesema jirani. Kwa hiyo wamechunguza upya, na wameona mengine yote ni kweli.

Niligeuka polepole kama mlango wenye kutu.

— Papa Alimasi. Weye ulisema nini?

— Mama Rodrigue, nisamehe, akasema kwa viatu vyake. Nilishindwa. Ilikuwa Ramadhani. Nifunge mdomo nisinywe hata maji, halafu niufungue kwa uongo? Nikaona nimekuuza weye na mtoto. Ndiyo maana nilipanda paa.

— Na mi njo maana nilipika!

Tukamtazama Fortunée. Alikuwa amefunika mdomo, mabega yanatetemeka.

— Ulijua? Weye ulijua?

— Muliniapisha wote wawili, Koko. Kwa jina la Mungu, kila mtu na wake. Ningefanya nini? Na kuku alikuwa mutamu.

Ningempiga kiatu, lakini Ndayisaba alikuwa hajamaliza. Aliinua karatasi ya kwanza. Mimi na Fortunée tunaendelea: daktari, chanjo, Kanada. Akainua ya pili, na sauti yake ikashuka. Papa Alimasi si wa familia yetu. Ataanza dosie yake mwenyewe, mwisho wa foleni. Hakuna ahadi.

Hakuna aliyecheka tena. Fortunée aliacha kutetemeka, akaenda kusimama upande wa mzee, nyuma ya mgongo wake, mahali alipokuwa akiwa na miaka saba. Nikatazama juu, na pale hapakuwa na feni, palikuwa na bati tu. Nikasema kimya: kumbe ulikuwa na bei yako. Ungenitajia mapema.

— Ni haki, Papa Alimasi akasema. Bameandika vile tuko.

Wakatupeleka kwenye dirisha la kadi. Tukatia vidole kwa mara ya mwisho pamoja, mimi kwanza, yeye baadaye. Ile kadi yetu ya miaka tisa ikakatwa kwa mkasi, tukapewa mbili mpya, yangu ya watu wawili na yake ya mtu mmoja. Tukarudi kwa miguu. Jua lilikuwa limepanda, kabaza zinatupita zikipiga kengele, na Fortunée akatangulia mbele akijifanya ana haraka.

Tukafika kwenye milango yetu miwili. Nikakumbuka.

— Papa Alimasi. Na ile ya kitanda? Walikuuliza?

— Waliuliza. Nilipokwisha kusema jirani, yule mzungu akarudi kwa karatasi yake, akauliza tu.

— Sasa ulijibu nini?

Akatazama jua.

— Muda wa swala—

— Ni saa nne asubuhi, wewe mzee!

Basi akavua kofia. Miaka tisa, na sikuwa najua kwamba yule mtu ana upara mzuri namna ile, mviringo, kama kikombe kilichopinduliwa. Akaishika kofia kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

— Nilimwambia: Madame, analala upande wa pili wa ukuta. Na kila asubuhi anagonga, aulize kama nimekufa.